Hita ya maji ikidondosha matone, usiizibe

Niliitwa nyumba moja ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, kuangalia hita ya maji ambayo kila ikiwashwa umeme wa nyumba nzima unakatika. Ni hita ya tangi, lita 50, imetundikwa ukutani juu ya mlango wa choo. Kabla sijashika bisibisi, jicho likanienda chini yake, kwenye kivali cha usalama, cha shaba, kinachokaa penye paipu ya maji baridi. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kijiti kilichochongwa vizuri kabisa, kikakazwa kwa mpira wa baiskeli.

"Kilikuwa kinadondoka, mwanangu, sakafu haikauki," akaniambia bibi mwenye nyumba. "Fundi kaja, kakiziba, tukapumua."

Kazi yangu ni kufundisha vijana ufundi wa umeme na mabomba, na kijiti hicho, kwa sura moja au nyengine, nimeshakikuta katika nyumba nyingi. Safari nyengine huwa ni kizibo cha plastiki, safari nyengine gundi. Kila mara sababu ni hiyo moja: mtu kaona tone akadhani ni ubovu.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 27, ambalo ndilo joto la kawaida la maji yetu ya mfereji, zikafika nyuzi 60, huongezeka zaidi ya nusu lita. Hiyo nusu lita iende wapi? Tangi la chuma limejaa pomoni, na kivali kile huruhusu maji kuingia lakini hakiyaruhusu kurudi yalikotoka. Basi mkandamizo hupanda mpaka ufike kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa vali, mara nyingi baa 7 au 8, hapo kinafunguka na kutoa matone. Hita inapopasha, kudondoka ndiko kufanya kazi kwake. Cha kutilia shaka ni tone lisilokoma hata hita ikiwa imezimwa na kupoa: hapo ama vali imechoka, ama mkandamizo wa maji yanayoingia ni mkubwa mno.

Ukiiziba, umebaki na themostati peke yake, ile inayozima hita maji yakifika joto lililowekwa, na kitufe cha dharura kinachokata umeme joto likizidi. Vyote viwili huharibika. Vikiganda, maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa kuwa hayana nafasi ya kugeuka mvuke. Siku tangi litakapopasuka nafasi itapatikana kwa ghafla, na lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita zipatazo 1,600. Fikiria lita 50, juu ya mlango anaopita mtoto.

Jamaa zetu walioko Uingereza wana mitambo mikubwa zaidi: boila inayochoma gesi au mafuta ya taa, ikapasha maji ya kukogea na wakati huo huo radieta, vyuma vya kutilia joto vyumba, za nyumba nzima. Sisi baridi hiyo hatuna, alhamdulillahi. Lakini hata boila ile ina vali ya namna hii upande wa radieta, hufunguka penye baa 3, na paipu yake hutolewa nje ya ukuta ili mtu asimwagikiwe. Hilo la paipu ndilo nililomfanyia bibi: nimekiondoa kijiti, nikaunga mpira mwembamba, nikauteremsha hadi kwenye ndoo, mdomo wake ukabaki wazi. Sakafu ikakauka.

Ama umeme uliokuwa ukikatika, mkosaji alikuwa chokaa. Unguja sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu huja na chokaa ndani yake. Yakipashwa, chokaa huganda kwenye elementi, ile koili inayopasha maji, kama ganda jeupe lile unaloliona ndani ya birika. Joto linashindwa kutoka, elementi inajiunguza mpaka koti lake linapasuka, umeme unavuja majini. Swichi ya usalama ikauhisi, ikakata. Alhamdulillahi nyumba ile ilikuwa nayo, pamoja na waya wa ethi uliofungwa sawasawa. Isingekuwa hivyo, wa kwanza kuugundua umeme ule angekuwa mtu aliyelowa maji.

Kwa hiyo tangi lifunguliwe na kusafishwa walau mara moja kwa mwaka, na fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani iangaliwe. Fimbo hiyo huliwa na kutu badala ya tangi. Ikisha, tangi ndilo linalofuata.

Zile hita za bomba la mvua, zinazopasha maji papo hapo, zina jambo lao. Nyingi elementi yake iko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi. Kama kisima chako kiko karibu na pwani na maji yake yana chumvi, uliza dukani aina iliyotengenezwa kwa maji hayo, na usikubali kufungiwa bila ethi. Nazo hula hadi wati 5,500, karibu ampia 24. Soketi ya kawaida ni ampia 13.

Kuhusu Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, hesabu ni nyepesi. Kupasha lita 50 hadi nyuzi 60 hula kama yuniti mbili, na elementi ya wati 2,000 huchukua saa moja. Mwenye mzee wa kukogea kabla ya alfajiri, au mzazi anayekandwa maji ya moto ndani ya arobaini, awashe saa moja kabla, kisha azime. Themostati usiishushe nyuzi 40 kwa kubana matumizi, maana joto hilo bakteria wa legionela, waletao ugonjwa wa mapafu, hulipenda. Iache 60, halafu uchanganye na maji baridi, ukitangulia kufungua baridi.

Na maji yakiwa yamekatika, usiguse swichi. Fungua kwanza mfereji wa moto. Yakitoka mfululizo bila kukohoa hewa, tangi limejaa, washa. Yasipotoka, elementi itawaka ndani ya tangi kavu na haitachukua muda kuungua. Bibi yule sasa hufungua mfereji, huhesabu mpaka kumi, ndipo anapopandisha mkono kwenye swichi.