Kaboni hii imetoka wapi?

Chukua urea, ileile ya kukuzia mahindi, uitie kwenye kibakuli cha kauri chenye kifuniko, kisha uipike kwenye tanuri ya maabara kwa nyuzi joto 550. Amonia itakukaba koo hata feni ikiwa inanguruma. Ukifunua utakuta unga wa manjano, mwepesi hata pumzi inaupeperusha. Hiyo ndiyo kaboni naitraidi, yaani kaboni iliyoungana na naitrojeni, na ndiyo ninayoshinda nayo nikijaribu kuigeuza hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, kwa mwanga.

Unga huu ukipigwa na mwanga wa bluu, elektroni zake hubanduka zilikotulia. Mwaka 2009 mwanakemia Xinchen Wang na wenzake walionyesha kuwa elektroni hizo zinaweza kutoa hidrojeni kwenye maji. Mimi nataka ziiendee kaboni dioksidi, nayo ni kaidi. Kuilazimisha ipokee elektroni moja peke yake kunataka takriban volti hasi 1.9, na unga wangu haufiki huko. Inabidi ipatikane atomi ya metali, tuseme kobalti au nikeli, ya kuishika molekuli huku ikipewa elektroni mbili na protoni mbili. Hapo hasi 0.53 hivi inatosha: oksijeni moja inatoka na kuwa maji, inabaki kaboni monoksidi. Naam, gesi ileile inayoua watu waliojifungia chumbani na jiko la mkaa. Viwandani ni malighafi ya methanoli.

Kwa nini atomi mojamoja? Punje ya metali yenye atomi 147 huficha 55 ndani, zisiguse gesi kamwe. Ukizitawanya, zote zinafanya kazi. Kundi la mwanakemia Tao Zhang kule Dalian, China, ndilo lililoipa mbinu hii jina mwaka 2011, kwa platinamu juu ya oksidi ya chuma. Tatizo ni kwamba atomi za metali hupenda kukusanyika, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Matundu ya unga wangu yamezungukwa na naitrojeni, nayo huzishika kila moja mahali pake, mradi usiwe mroho. Mimi sizidishi asilimia 1 ya uzito.

Chini ya hadubini ya elektroni atomi hizo huonekana kama vidoa vyeupe, na picha hizo ndizo watu hupenda kuzionyesha. Mimi hazinisisimui tena.

Mwaka wangu wa kwanza niliona kilele cha kaboni monoksidi kwenye grafu ya kipima gesi kikipanda vizuri kila saa. Nilishaanza kuandika makala. Mwenzangu akaniuliza kama nimejaribu na agoni tupu, gesi isiyo na kaboni wala isiyoungana na kitu, bila hewa ukaa. Nikajaribu. Kilele kikapanda vilevile, kimepungua kidogo tu.

Piga hesabu uone jinsi ilivyo rahisi kudanganyika. Gramu 1 ya kaboni naitraidi ina gramu 0.39 za kaboni, yaani maikromoli 32,000 na ushei (maikromoli ni kipimo cha idadi ya atomi au molekuli). Mimi nilikuwa nashangilia maikromoli 10 kwa saa, ambazo ni miligramu 0.28 za gesi, uzito wa chembe chache za chumvi. Unga ukijila wenyewe kidogo tu, au ukibaki na mabaki ya chumvi ya metali niliyotumia, tayari nina "matokeo".

Dawa yake ni kaboni 13, isotopu ya kaboni, yaani aina yake iliyo nzito kidogo kuliko kaboni 12 ya kawaida. Unalisha mtambo kaboni dioksidi yenye isotopu hiyo, kisha unapima uzito wa molekuli za kaboni monoksidi zinazotoka. Ukiwa 29, kaboni imetoka kwenye gesi. Ukiwa 28, unga unakutania, au hewa ya nje imevuja ndani, maana naitrojeni nayo ni 28. Nimewahi kupoteza wiki nzima kwa mpira wa kizibo uliochakaa.

Gesi hiyo ni ghali, kwa hiyo chupa yetu hukaa kabatini kwa kufuli. Hatuifungui mpaka jaribio la agoni lirudi tupu mara tatu.