Elimu kwa umma: kurejea kwenye mbio baada ya kuumia mguu

Tangu Serikali ilipozindua, Desemba 2016, kampeni ya kuhimiza mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo, na hasa baada ya wizara na taasisi kuhamia Dodoma, wakimbiaji wa alfajiri wameongezeka katika jiji hili kwa namna ambayo kila anayeamka mapema anaiona. Klabu za jogingi zimeenea mitaani, mbio za hisani zinafuatana, na watumishi wanajinoa kwa ajili ya michezo ya SHIMIWI, yaani ya wizara na idara za Serikali. Sisi wa fiziotherapia na utengamao tunalifurahia jambo hilo bila kusita. Kinachotulazimu kuandika ni wale tunaowapokea kwa mara ya pili au ya tatu wakiwa na jeraha lile lile, kwenye mguu ule ule, kwa sababu waliambiwa wanaweza kutembea nao wakaelewa kuwa wameruhusiwa kukimbia.

Viungo vya mwili havirudi kwa kasi moja. Moyo na mapafu hupoteza sehemu ya uwezo wake ndani ya wiki mbili au tatu za kukaa bila mazoezi, lakini huurudisha upesi mtu anapoanza tena. Misuli huchelewa zaidi. Kano na mifupa ndivyo vya mwisho kabisa, navyo huhesabu kwa miezi. Kwa hiyo hufika wakati ambapo aliyeumia anajisikia mwepesi, pumzi zimejaa, hana maumivu akipanda ngazi za ofisini, na ndani ya mguu kazi ya kujijenga haijafika hata nusu. Wengi huumia tena katika wakati huo, kwa kuwa wanaupima mguu kwa pumzi. Kutoweka kwa maumivu kunaonyesha kuwa mchochota, yaani uvimbe na joto la jeraha, umetulia, hakuonyeshi kuwa sehemu iliyoumia imepata nguvu ya kubeba mzigo. Fundi anayejenga Iyumbu haondoi mbao za slabu siku ile zege linapoonekana kavu kwa juu, na hakuna anayemwita mwoga.

Mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika kukimbia, kila mguu unapotua hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kano ya kisigino huvutwa kwa nguvu inayoweza kuzidi mara sita ya uzito huo. Kutembea hakukaribii kiwango hicho. Mtu anayetueleza kwamba amepona kwa sababu ametembea kutoka Majengo hadi nyumbani bila shida ametueleza kuhusu kutembea tu.

Aina ya jeraha ndiyo inayoamua muda wa kusubiri, na muda wa jirani yako haukuhusu. Kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo kinaweza kuruhusu mbio nyepesi baada ya wiki chache. Kilichochanika kano zake kinahitaji muda mrefu zaidi, pamoja na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja ili mwili ujifunze upya kujisawazisha, mazoezi ambayo wagonjwa wetu huyadharau kwa kuwa hayatoi jasho. Ikiwa baada ya kuteguka huwezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyezwa juu ya mfupa unaochomoza pembeni mwa kifundo unapata maumivu makali, nenda ukapigwe eksirei kwanza. Tunasisitiza pia, ingawa tumelisema hili hadi limetuchosha, kwamba mguu ulioteguka leo haukandwi kwa maji ya moto wala hauchuliwi kwa nguvu. Katika siku mbili tatu za mwanzo joto na kusugua huongeza uvimbe na damu kuvuja ndani. Tunatambua nafasi ya wazee wetu wanaochua viungo, ila hakuna mkono unaoweza kurudisha mahali pake kano iliyochanika.

Jeraha linalotutia wasiwasi kuliko yote ni ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mzigo uliozidi, ambao hupata zaidi mfupa wa muundi na mifupa ya unyayo. Huanza kama maumivu madogo mwishoni mwa mbio, kisha huja mapema zaidi kila siku, na hatimaye hubaki hata usiku. Dalili yake kubwa ni kwamba mgonjwa anaweza kuonyesha mahali panapouma kwa ncha ya kidole kimoja. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza isionyeshe chochote, na hapo ndipo mgonjwa huondoka akiwa na karatasi inayosema mfupa hauna tatizo, akaichukua kama ruhusa. Ikiwa dalili zinaendelea, rudi kwa daktari. Huenda akahitaji kipimo cha MRI au kurudia eksirei baadaye. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji, hasa yanayomfanya achechemee, yasisubiri miadi: ufa katika shingo ya mfupa wa paja ukiachwa, mfupa unaweza kukatika kabisa, na matibabu yake ni upasuaji. Kwa wanawake ambao hedhi imekatika au imevurugika tangu waongeze mazoezi, na kwa yeyote anayekimbia huku akijinyima chakula ili apungue, hatari ya ufa wa namna hii ni kubwa zaidi, na jambo hilo lielezwe kliniki bila kuona haya.

Kabla ya kukimbia tena, tunataka mgonjwa aweze kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu na bila kuchechemea, kiungo kikunjike na kunyooka sawa na cha upande wa pili, aweze kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20 hadi 25, na aweze kuruka kwa mguu huo mmoja mara kadhaa bila kusita. Asiyeweza kuruka kwa mguu mmoja uani kwake hana sababu ya kwenda barabarani, kwa kuwa kukimbia ni kuruka kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa maelfu.

Akishatimiza hayo, aanze kwa kuchanganya. Katika wiki ya kwanza akimbie polepole dakika 1 na kutembea dakika 2, arudie mara nane hadi kumi, siku tatu kwa wiki, huku akiacha siku moja ya kupumzika katikati. Wiki inayofuata akimbie dakika 2 na kutembea 2, kisha 3 kwa 1, kisha 5 kwa 1, hadi afikie dakika 20 au 30 mfululizo kwenye wiki ya tano au ya sita, na kwa aliyepata ufa wa mfupa au aliyeugua kano ya kisigino, baadaye zaidi. Hatua iliyoleta maumivu hurudiwa, hairukwi. Umbali uongezwe kwanza. Kasi na milima vifuate mwishoni, na visiongezwe viwili kwa wiki moja. Kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki ni mwongozo unaosaidia wengi, ingawa si sheria ya maumbile. Wapo wanaotujibu kwa mfano wa Alphonce Simbu wa Singida, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025. Tunawakumbusha kuwa bingwa huyo alikuwa na medali ya shaba ya mashindano hayo hayo tangu London mwaka 2017. Anayetoka kitandani Machi akajiandikisha kilomita 21 za Julai asijilinganishe naye.

Kuhusu maumivu wakati wa mazoezi, tunatumia kipimo cha 0 hadi 10. Kwa jeraha la msuli au kano, maumivu ya 2 au 3 yanaweza kuvumiliwa ikiwa hayaongezeki kadiri unavyokimbia, yametulia ndani ya saa 24, na hatua za kwanza za asubuhi inayofuata si ngumu kuliko za jana. Kwa jeraha la mfupa kiwango kinachoruhusiwa ni 0. Ukianza kuchechemea, simama utembee kurudi nyumbani. Kumaliza mzunguko kwa sababu wenzako wanakutazama hakutibu chochote.

Kipimo hicho hakifanyi kazi kwa mtu aliyemeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya kutoka. Tumebaini kuwa baadhi ya wakimbiaji huimeza kabla ya mazoezi kama sehemu ya maandalizi, jambo ambalo linaficha onyo la mguu na, katika hewa kavu na jua la Dodoma, linaweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Vilevile, dawa za antibiotiki za kundi la siprofloksasini, ambazo watu hujinunulia bila cheti kwa ajili ya tumbo au mkojo, zinahusishwa na kuumia na hata kukatika kwa kano ya kisigino. Ikiwa umeandikiwa dawa hiyo, mweleze daktari kwamba unakimbia. Sindano ya steroidi kwenye kano ya kisigino tunaiogopa kwa sababu hiyo hiyo, hata pale mgonjwa anapoisisitiza ili awahi mashindano.

Mahali pa kuanzia ni uwanja tambarare wa udongo ulioshindiliwa, kama viwanja vingi vya shule. Mchanga mzito wa njia za pembezoni huichosha kano ya kisigino, makorongo hutegua vifundo, na mteremko wa Chimwaga unaweza kusubiri. Raba za mtumba si kosa, ila soli iliyokauka na kulika upande mmoja ibaki sokoni.

Sasa tuje kwenye nyaraka, ambako malalamiko ni mengi. Hati ya mapumziko ya ugonjwa, maarufu kama ED, hutolewa na daktari aliyesajiliwa baada ya kumwona mgonjwa, na huandikwa kuanzia siku alipoonwa. Haturudishi tarehe nyuma. Kwa waajiriwa wanaohusika na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, kwa sharti la kuwasilisha cheti cha daktari. Watumishi wa umma wafuate pia taratibu za utumishi wao. Aliye kwenye ED kwa ajili ya mguu, kisha akaonekana pichani na medali ya kilomita 10, asitarajie kliniki imtetee mbele ya mwajiri. Barua ya kuthibitisha kuwa mtu yuko tayari kurudi mashindanoni nayo hutolewa baada ya vipimo tulivyoeleza, kwa mhusika mwenyewe, wala haitolewi kwa simu wala kupitia kwa kiongozi wa timu. Kughushi hati ya namna hiyo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka saba. Anayeiwasilisha huku akijua ni ya kughushi anakabiliwa na adhabu hiyo hiyo. Aliyeumia kwa kugongwa na pikipiki au gari akiwa mazoezini anahitaji fomu ya PF3 kutoka polisi, ingawa katika dharura matibabu huanza na fomu hufuata.

Anayekuja kupimwa kwa ajili ya kurejea kwenye mbio afike na barua ya rufaa ya daktari, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, na picha za eksirei zenyewe, si majibu ya kuandikwa pekee. Avae kaptula, na aje na raba alizokuwa akikimbilia siku alipoumia, bila kuzifua, kwa kuwa ulikaji na vumbi la soli hutuonyesha jinsi anavyokanyaga.