Machinga hakutoka London

Kila nikianza darasa jipya la Kiswahili kwa wageni hapa Mwanza, hakosekani wa kuninong'oneza kama anayetoa siri ya serikali: "Mwalimu, unajua machinga, huyu mchuuzi wa mitaani, ni Kiingereza? Ni machingi gai (marching guy), kijana anayetembea kama yuko kwenye gwaride." Juzi kanieleza dereva wa bajaji. Kesho yake kanieleza mwanafunzi wangu Mfaransa, ambaye kumbe kaambiwa na dereva huyohuyo.

Basi tulimalize hili. Wamachinga ni kabila. Wana kwao mkoani Lindi, wana lugha yao, na jina hilo liko hadi Malawi, ambako kuna wilaya nzima inaitwa Machinga. Au na hiyo wilaya ilikuwa ikitembeza mikanda begani? Vijana wa kusini waliingia Dar es Salaam kuchuuza vitu vidogovidogo, wakaitwa kwa asili yao, na uchuuzi ulivyotapakaa jina likatapakaa nao. Ndiyo maana leo Msukuma wa Magu aliyetandaza soksi pale Makoroboi, asiyejua Lindi iko upande gani, anaitwa machinga na anaitika.

Kinachonikera zaidi ni ile imani kwamba neno letu likinoga, lazima baba yake ni Mzungu. Kiingereza hakinyimwi chake. Bodaboda kweli ni boda, yaani mpaka. Lilianza na baiskeli zilizokuwa zikibeba abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Daladala limetokana na dala, ndiyo dola hiyo, jina la utani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Konda ni kondakta aliyekatwa mkia. Lakini hayo yana pa kushika: mpaka upo, sarafu ilikuwepo. Machingi gai lina nini? Nitafutieni Mwingereza mmoja anayemwita mchuuzi hivyo. Mkisimuliwa asili ya neno ikawachekesha mno, ulizeni kwanza: nani alisema, wapi, lini?

Mengine nayapitia haraka. Ngosha si tusi. Kwa Kisukuma ni mwanamume, basi. Ukilitamka kwa dharau, dharau ni yako. Msimbazi, mtaani, ni noti ya elfu kumi, nyekundu kama jezi ya Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Na wanaolia kwamba lugha ya mtaani inaua Kiswahili, daladala limeshaingia kamusini na Kiswahili bado kinapumua.

Nyie wageni mnaodhani kila kauli ina maana ileile iliyoandikwa kitabuni, toeni daftari. "Nipo njiani": anatafuta kiatu cha pili. "Nimeshafika Buzuruga": ndiyo kwanza anapanda gari Igoma, na konda bado anaita abiria. "Sasa hivi": wakati wowote kabla ya magharibi. "Bei ya mwisho": bei ya pili. "Tutaongea": hamtaongea. "Karibu tule", ikitoka kwa mtu aliyebakiza kichwa cha sangara: sema asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Na "sato wa leo", ukiambiwa soko la samaki la Mwaloni saa kumi jioni, uliza leo ya lini.