Kuchora ukuta wa chumba cha mtoto, na ile chupa ya tina: maswali na majibu

Ikikaribia Idi, nyumba nyingi Unguja na Pemba hupakwa rangi, na siku hizi wazee wanapenda kumchorea mtoto samaki, jahazi au minazi ukutani mwa chumba chake. Jambo zuri. Lakini ndipo watoto wanapoletwa hospitali wamekunywa tina (maji makali ya kuzimulia rangi ya mafuta) au mafuta ya taa kutoka chupa ya maji ya kunywa, na wengi wao wamekwisha kutapishwa nyumbani.

Nichukue rangi ya maji au ya mafuta?

Ya maji. Rangi ya maji huzimuliwa kwa maji, na brashi yake huoshwa kwa sabuni. Ya mafuta inataka tina, tapentaini au mafuta ya taa, kwa hiyo anayeinunua kwa sababu inang'aa ajue amenunua na sumu ya kuiendea. Ukitaka mng'aro na ukuta unaofutika, ipo rangi ya maji waiitayo silki. Alama za vidole zinatoka kwa kitambaa kibichi.

Halafu kuna risasi, madini yanayoharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Hupatikana zaidi katika rangi za mafuta zilizokolea: manjano, nyekundu, chungwa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi sehemu 90 kwa milioni. Soma kopo. Rangi iliyomiminwa kwenye galoni lisilo na maandishi, mwachie mwenye duka.

Kwa kipimo, lita 1 hufunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Ukuta wa mita 3 kwa 2.5, mikono miwili, unakula lita moja na nusu. Michoro yenyewe haili rangi nyingi: kikombe kimoja cha kila rangi kinatosha na kubaki.

Na brashi?

Za nyuzi za plastiki. Brashi ya manyoya hunywa maji, ikalegea, na mstari ukakupotea. Chukua rola kwa ukuta mzima, brashi ya nchi 2 kwa bahari na mbingu, ya nchi 1 kwa umbo la jahazi, na ya mviringo yenye ncha kwa kamba na macho ya samaki. Chora kwanza kwa chaki. Ukimaliza, osha brashi kwa maji na sabuni papo hapo, kabla rangi haijakauka. Hapo tina ya nini?

Rangi ya zamani inabanduka. Niipige msasa?

Usiipige kavu, na usiichome moto. Huenda ina risasi, na vumbi lake ndilo linaloingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Lowanisha ukuta, kwangua, kusanya maganda kwenye mfuko, kisha pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, usifagie. Watoto na mama mjamzito wawe nyumba nyengine siku hiyo.

Nyumba za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, zina jambo lao. Ukuta ule hupumua. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki, hata ile ya maji ya dukani, unyevu hubaki ndani, rangi huvimba, ukungu huota, na mtoto mwenye pumu hukohoa usiku kucha. Hapo paka chokaa, uchore juu yake ukuta ukishakauka, na kazi yenyewe isifanywe katikati ya masika. Chokaa ikiingia jichoni, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Mtoto kanywa tina. Tumtapishe?

Hapana. Tina na mafuta ya taa ni mepesi. Yakipanda kooni huteleza kuingia kwenye mapafu, na kinachotisha ni mapafu kuliko tumbo. Funda moja tu likiingia huko laweza kumuua mtoto. Kumtia kidole kooni ni kumpa nafasi ya pili ya kuyavuta.

Hata kidogo tu, atoe yaliyobaki?

Hata kidogo. Msimtapishe.

Maziwa je? Madafu? Mafuta ya nazi?

Hapana, hapana, hapana. Maziwa hayaui tina. Yanajaza tumbo, na tumbo likijaa mtoto hutapika, tumerudi pale pale. Asipewe kitu mdomoni. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji, akisinzia au kuzimia mlazeni ubavu, na ondokeni. Chukueni chupa yenyewe ili daktari ajue kilichomezwa. Walioko visiwa vidogo kama Kojani au Tumbatu watafute chombo saa ile ile, si kungoja asubuhi.

Ikiwa fundi hana budi kutumia tina, iwekwe wapi?

Katika kopo lake lilelile, limefungwa, juu kabatini, kabati lina kufuli. Chupa ya maji ya kunywa ni marufuku, na kikombe cha kuchovyea brashi kilichoachwa sakafuni fundi akaenda kuswali ni marufuku pia. Tina haina rangi. Mtoto wa miaka miwili aliyetoka kucheza juani anaona maji.

Baada ya kupaka, alale lini humo?

Kwa rangi ya maji, baada ya siku mbili au tatu madirisha yakiwa wazi, mpaka harufu iishe. Kwa ya mafuta, wiki moja au zaidi.

Kanywa tangu adhuhuri, sasa alasiri, na anacheza tu. Si kapona?

Bado hajapona. Mapafu huchukua muda kuvimba, ndiyo maana huangaliwa hospitali kwa masaa 6 au zaidi. Kikohozi, kukoroma anapopumua, mbavu kuingia ndani, homa, pumzi 40 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano: dalili hizo zikija nyumbani, mmeshachelewa. Mpelekeni hivyo hivyo anavyocheza, na mpira wake mkononi.