Taswira ya mwili katika ujauzito: maana yake kwa mtafiti wa afya

Taswira ya mwili ni picha ambayo mtu hujichorea akilini kuhusu mwili wake. Hivyo ndivyo daktari Paul Schilder alivyoieleza mwaka 1935, na watafiti waliomfuata wameongeza hisia na mwenendo vinavyotokana na picha hiyo. Njia moja ya kuipima ni kumwonyesha mtu michoro ya maumbo, kuanzia jembamba hadi nene, achague lililo lake na lile analolitamani, kisha tofauti baina ya mawili hayo ihesabiwe kuwa kiasi cha kutoridhika.

Kwa mjamzito michoro hiyo haitoshi, kwa sababu mwili wake hubadilika mwezi hadi mwezi na unene ambao zamani ungemkera huenda sasa akauona ni haki yake. Mombasa, mwenye mimba akijaa mashavu husifiwa kwamba amenawiri, na ni nadra anayemsifu kumwuliza kama kichwa kinamwuma. Hapa ndipo dhana hii inapogusana na matatizo ya ujauzito. Uso na mikono ikivimba ghafla baada ya wiki ya 20, hasa pakiwa na maumivu makali ya kichwa au macho kuona vimulimuli, huenda mama ananyemelewa na kifafa cha mimba, na presha ikifika 140/90 hali hiyo ni ya kushughulikiwa upesi. Aliyezoea kuuona uvimbe kuwa ndiyo siha hatakuwa na haraka ya kwenda kliniki. Miguu kuvimba jioni, kwa upande mwingine, ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi, kwa hiyo macho peke yake hayaamui. Mkojo na presha lazima vipimwe.

Kuhusu shughuli za mwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamshauri mjamzito asiye na katazo la daktari afanye angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na shinikizo la damu. Mwongozo huo pia unatahadharisha juu ya joto kali na unyevunyevu, onyo ambalo mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa: matembezi ya Mama Ngina, kule kando ya bahari, ni ya asubuhi mapema au jua likishapoa. Hata hivyo, anayeona haya tumbo lake hatatoka, na anayeambiwa na wakubwa atulie asimsumbue mtoto hatatoka vilevile, na mtafiti asipouliza sababu atawahesabu wote wawili kuwa wavivu.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, ni kujua kipi kilitangulia. Kuuonea haya mwili kwaweza kumzuia mama kutembea, lakini pia tatizo la mimba, au kovu la upasuaji, laweza kumfanya auchukie mwili ambao awali aliuridhia. Mtafiti anayeuliza mara moja tu hawezi kuyatenganisha hayo. Yampasa aanze mimba ikiwa changa na arudi baada ya arobaini ya uzazi, maana kabla ya hapo mzazi bado anakandwa maji ya moto na kufungwa mkaja tumboni, na mwili anaoulizwa habari zake uko mikononi mwa wengine.