Kijana wako hajakuficha mshahara

Kila Oktoba, siku zile ambazo watu waliojiajiri hapa Ayalandi wanakimbizana na tarehe ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi, lazima aje mzazi mmoja. Anavuta kiti, anashusha sauti: "Kaka, kijana kaitwa timu ya kaunti, ile ya michezo ya Kigaeli, michezo ya asili ya hapa. Hizo pesa zake tunaziandika wapi?" Namwambia hakuna pesa. Ananitazama kama mtu aliyeuliza bei sokoni akaambiwa chukua tu, bure. Mwaka jana walikuja watatu. Mmoja wao, mama wa Bukavu ninayemheshimu sana, aliamua kwamba kazi siijui, akahamia kwa mhasibu mwingine. Sasa naandika, ili wa nne akija nimpe karatasi asome huku mimi naendelea na mafaili.

Sisemi haya kwa kusikia. Mbali na uhasibu, mimi ni mweka hazina msaidizi wa klabu ya kijijini kwetu, cheo kisicho na senti ambacho nilipewa siku niliyochelewa kufika mkutanoni.

Dhana: "Wanajaza uwanja wa watu elfu themanini, haiwezekani wasilipwe"

Hii ndiyo inayonimaliza. Najua inakotoka. Sisi tumelelewa na Simba na Yanga, na Gor na Leopards, ambako umati ukiwa mkubwa unajua kuna mtu anakula vizuri. Uwanja wa Croke Park pale Dublin unaingiza watu 82,300. Mzazi anachukua bei ya tiketi, anazidisha, anagawa kwa wachezaji thelathini, anaanza kuona nyumba ya ghorofa kule nyumbani. Kuzidisha amezidisha sawa. Kugawa ndiko alikokosea.

Chama cha Michezo ya Kigaeli, GAA, kilianzishwa katika mji wa Thurles mwaka 1884 na mpaka leo ni chama cha ridhaa kwa kanuni zake chenyewe. Mchezaji wa hurling, ule wa fimbo na kampira kadogo, au wa futiboli ya Kigaeli, ya miguu na mikono, halipwi kucheza, awe wa timu ya tatu kijijini au bingwa wa nchi nzima. Julai 2025 Kerry waliipiga Donegal 1-26 kwa 0-19 kwenye fainali ya futiboli (namba ya kwanza ni magoli, mpira wavuni, kila moja pointi tatu; ya pili ni pointi, mpira juu ya mwamba). David Clifford, nyota wa Kerry ambaye wengi wanamwita bora wa zama hizi, ni mwalimu wa sekondari. Analipwa kwa kushika chaki.

Viingilio vinakwenda wapi basi? Chama huchapisha hesabu zake kila mwaka, na kwa maelezo yake zaidi ya asilimia 80 ya mapato hurudi chini: kwenye kaunti, viwanja, makocha wa watoto, mashindano. Hesabu zile nimezisoma, hazina utamu wowote, lakini zipo. Ngazi ya klabu ndiyo usiseme. Sisi tunaishi kwa ada za wanachama, bahati nasibu ya kila wiki na keki za kina mama. Taa za uwanja zikiungua, tunachangishana.

Anachopata mchezaji wa kaunti ni hiki: nauli ya kwenda mazoezini, chakula baada ya mazoezi, vifaa, matibabu akiumia. Kuna pia ruzuku ya serikali, iliyoanza mwaka 2008 baada ya wachezaji kutishia mgomo, na mwaka 2021 serikali ikatangaza kwamba wanawake watapata sawa na wanaume. Ruzuku yenyewe ni ndogo. Ukiigawa kwa saa anazotumia kijana mazoezini na barabarani, muuza chipsi anamzidi. Mwisho kuna udhamini binafsi, viatu au gari la kutembelea, ambao unaruhusiwa kabisa na ambao wanaoupata ni wachache wenye majina. Soko la usajili halipo. Mtu huchezea klabu ya kwao, na klabu ndiyo inayomfikisha kaunti.

Na kama bado huamini, fikiria ugomvi wa mwaka 2022. Wachezaji wa kaunti waligoma kuongea na vyombo vya habari. Walikuwa wanadai nini? Nauli. Chama kilitaka kulipia mwisho mazoezi manne kwa wiki, wao wakasema kocha akituita mara tano, ya tano nani anajaza tangi? Mtu mwenye mshahara hagombanii petroli.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi zaidi. Mzazi anapoteza muda kumshuku mwanawe, kumbe pesa yenye harufu iko mlango wa pili. Bahasha ya kaki tunaijua sote, na hapa inasemekana wanaopewa ni mameneja wa timu. Kanuni inasema nao ni wa ridhaa, wanastahili gharama zao tu. Lakini mwaka 2012 mkurugenzi mkuu wa chama wakati huo, Páraic Duffy, aliandika waraka mzima kuhusu malipo haya ya chini ya meza, akawawekea wanachama njia zao: tuisimamie kanuni kwa ukali, tuhalalishe malipo na kuyawekea mipaka, au tuendelee kufumba macho. Waraka ukajadiliwa, macho yakaendelea kufumbwa. Jarlath Burns, aliyeshika urais wa chama mwaka 2024, aliingia akiwa na hoja hiyohiyo mkononi, na kamati ya kuangalia hali ya ridhaa ikaundwa. Huku nyuma, gharama za kuandaa timu za kaunti zilivuka euro milioni 40 mwaka 2023. Hiyo ndiyo namba ya kuulizia. Kaunti inakopa ili ilipe wataalamu wa lishe na wachambuzi wa video, halafu klabu inaambiwa iuze tiketi zaidi za bahati nasibu.

Ushauri wangu, nao nautoa kwa kila anayeketi mbele yangu hata asipouliza: nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa klabu. Unafanyika kipindi cha baridi, kuna chai, watu ni ishirini. Omba karatasi ya mapato na matumizi, uliza swali moja. Kwa miaka yote niliyokaa meza ile, wazazi wetu waliokuja kuuliza nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Dhana: "Kanuni mpya zimeletwa na watu wa televisheni"

Hizi za futiboli, maana hurling haikuguswa. Watu wanaona pointi mbili kwa mpira uliopigwa nje ya tao la mita 40, wanaona honi ya kumaliza mchezo, wanasema biashara imeingia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa uwanjani. Timu ilikuwa ikipoteza mpira, watu kumi na wanne wanarudi nyuma kama kuku walioona mwewe, na wenzao wanapasiana kwa mikono kushoto kulia mpaka refa anapiga miayo. Kamati ya Jim Gavin, kocha aliyeipa Dublin mataji matano mfululizo kuanzia 2015, ikapendekeza dawa: kila timu iache watatu nusu ya wapinzani muda wote, kipa asitumike hovyo kama mchezaji wa akiba wa pasi, anayembishia refa aone mpira unasogezwa mita 50 kuelekea lango lake. Hili la mwisho ningelipeleka bungeni kwetu.

Walioamua ni wajumbe wa kaunti. Mabadiliko yanahitaji asilimia 60 ya kura. Yalipitishwa kwa majaribio Novemba 30, 2024, yakachezwa msimu mzima, yakafanywa ya kudumu Oktoba 2025. Na si kila kitu kilipita: goli la pointi nne lilijaribiwa kwenye mechi za majimbo Oktoba 2024 likatupwa kabla hata ya kufika kwenye kura.

Anayesema kanuni hizi ni za mababu, nazo zinanajisiwa, namkumbusha kwamba mababu wenyewe walikuwa wanachokonoa kila kukicha. Mwanzoni goli moja lilizidi pointi zote hata ziwe ngapi. Mwaka 1892 likawa na thamani ya pointi tano, mwaka 1896 tatu. Timu ilikuwa na watu 21, ikashuka 17, na 15 tunaowaona leo ni wa tangu 1913.

Na kama televisheni ndiyo ingekuwa mwenye nyumba, fainali zisingetolewa Septemba na kupelekwa Julai. Chama kilijinyima miezi miwili ya kutangazwa ili wachezaji wa klabu nao wapate msimu wao. Hapo nakubali jambo moja: mechi kubwa kufungiwa kwenye huduma ya kulipia mtandaoni, kama ilivyotokea 2023 mpaka wanasiasa wakapiga kelele, ilikuwa biashara, na wazee wetu kijijini wasiojua neno la siri ni nini ndio walioumia.

Mengine nayapitia haraka.

"Pesa ndiyo inayonunua kombe." Limerick walipochukua taji la hurling mwaka 2023, tajiri wao, JP McManus, aligawa euro milioni moja kwa kila kaunti, zote 32. Kombe likabaki moja. Pesa inasaidia kujenga makocha, Dublin wanajua hilo na kaunti nyingine zimelilalamikia kwa miaka, lakini si duka.

"Atasajiliwa." Labda Australia, ambako futiboli yao inalipa kweli, Zach Tuohy na Mark O'Connor walitwaa ubingwa huko na klabu ya Geelong mwaka 2022. Ni mchezo mwingine, na nafasi zake ni chache.

"Sisi wageni haturuhusiwi." Hakuna kanuni kama hiyo. Marufuku zilizokuwepo zilihusu mambo mengine na zimeondolewa: ya wanachama kucheza michezo ya kigeni mwaka 1971, ya wanausalama wa Uingereza kujiunga na chama mwaka 2001. Ndugu zetu walioko Ghuba wanaweza kucheza hukohuko; Dubai na Abu Dhabi zina klabu, na mashindano ya dunia ya 2015 yalifanyika Abu Dhabi.

Kwa hiyo kijana akirudi saa nne usiku na matope mpaka kwenye nyusi, mpe chakula, usimkague mifuko. Na zile risiti za petroli mlizoanza kuniletea kwenye mfuko wa duka la Lidl, mimi sizilipi. Mpelekeeni katibu wa kaunti, kabla mwezi haujaisha.