Hamira, ukungu na hadubini: vitendo vya wiki ya kwanza

Kila muhula unapoanza, vitu vya kwanza ninavyoweka mezani kwenye maabara yetu hapa Dar es Salaam ni pakiti ya hamira na vipande vya mkate vilivyoota ukungu. Wanafunzi huja wakitarajia kipindupindu au kifua kikuu. Wakikuta mkate, wanatazamana. Mimi bado sijapata somo la kuanzia linaloshinda hili. Hamira na ukungu ni ndugu, wote ni kuvu, lakini kila mmoja anaishi maisha yake, na tofauti hiyo mtu anaiona kwa macho yake mwenyewe ndani ya saa mbili.

Naanza na hamira, maana ndiyo inayomdanganya mgeni wa hadubini kuliko kitu kingine chochote.

Kuna mwaka kundi moja liliamua kuacha hamira ya pakiti na kutumia donge la maandazi lililokwisha kuumuka. Wakalikoroga kidogo kwenye maji, wakadondosha tone kwenye slaidi, wakachora kwa utulivu vitu vya mviringo, vikubwa kwa vidogo, na chini wakaandika "seli za hamira". Michoro ilipendeza. Ila karibu vyote walivyovichora vilikuwa punje za wanga wa ngano. Sikuwaambia. Niliwapa chupa ya ayodini, nikawaonyesha namna ya kudondosha tone pembeni ya kioo cha kufunikia na kulivuta kwa kipande cha karatasi laini upande wa pili. Rangi ilipopita, zile punje kubwa ziligeuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi, moja baada ya nyingine. Katikati yake vikabaki vidude vidogo vya yai, vimekuwa manjano hafifu tu, havikugeuka. "Kumbe ndo hizi!" akasema mmoja wao, na hakutoa jicho kwenye hadubini mpaka mwenzake alipomsogeza. Punje kubwa za wanga wa ngano hupita mikrometa 20 (mikrometa moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Seli ya hamira huwa kati ya 5 na 10. Tangu siku hiyo ayodini haikosekani kwenye meza yangu.

Mdanganyifu wa pili ni kiputo cha hewa. Huyo ana ukingo mnene mweusi, duara kamili, na ndani hamna kitu. Ukiona kitu kizuri kupita kiasi, kitilie shaka. Shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari, upande mmoja ukitangulia kugusa maji, viputo vitapungua.

Maandalizi yenyewe ni mepesi. Kijiko cha chai cha hamira kavu, sukari kidogo, glasi ya maji vuguvugu ambayo kidole kinayavumilia bila shida, kisha nusu saa ya kusubiri mpaka povu lipande. Mchanganyiko ukiwa mzito kama uji huoni kitu, seli zimelaliana. Ongeza maji mpaka uwe kama tui jepesi. Sehemu moja ya mchanganyiko huo tunaichemsha dakika kumi na kuiacha ipoe. Halafu slaidi mbili, kila moja na tone dogo la methilini bluu, rangi ya maabara.

Hapo ndipo ninapopapenda. Kwenye slaidi ya hamira iliyochemshwa kila seli ni buluu. Kwenye ile nyingine seli nyingi ni angavu, kama vioo vidogo vilivyozungukwa na maji ya buluu, na hapa na pale kuna moja iliyoshika rangi. Seli hai ina vimeng'enya vinavyoibadilisha rangi ile ikikaa ndani yake mpaka ipauke. Iliyokufa haina tena uwezo huo. Hesabuni mapema, nawaambia, katika dakika tano za kwanza, kwa sababu rangi yenyewe ni sumu, na ukichelewa utahesabu maiti ulizozitengeneza mwenyewe.

Kisha watafute seli yenye kidonge ubavuni. Hilo ni chipukizi. Seli mama hutoa mtoto pembeni, mtoto hukua, hukatika, na yeye huanza kuzaa. Mwaka 1837 Theodor Schwann huko Ujerumani na Charles Cagniard de la Tour huko Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba hamira ni kitu hai kinachozaliana hivi, na kwamba ndiyo inayochachusha. Wakemia wakubwa wa wakati ule, Justus von Liebig akiwa miongoni mwao, waliwadhihaki hadharani. Mpaka Louis Pasteur alipolishikia suala hili bango, miaka ishirini baadaye. Mgema wa mnazi huku pwani hahitaji kushawishiwa: utomvu anaoushusha asubuhi ni mtamu, jioni umekuwa mkali, na hakuna aliyeutia hamira. Imetoka kwenye maua, kwenye wadudu, kwenye kibuyu chenyewe.

Ukungu unataka siku chache za maandalizi. Mikate mingi ya dukani hutiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwa hiyo natumia uliookwa nyumbani. Nyunyizia maji, uache wazi saa moja, ufunge kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Masika, siku nne zinatosha. Mfuko wa pili nautia kipande kilichoanikwa juani mpaka kikakauka kabisa, na huo haupati kitu. Mifuko haifunguliwi ovyo. Mwenye pumu anatazama akiwa mbali, na kazi ikiisha kila kitu kinaingia kwenye sufuria ya presha, nyuzijoto 121 kwa dakika kumi na tano au zaidi, kabla ya kwenda jalalani.

Sampuli tunaichukua kwa kipande cha selotepu: gusa ukungu taratibu, bandika juu ya tone la rangi kwenye slaidi. Rhizopus, ule wenye vichwa vyeusi kama vya pini, hutambaa kama marando ya viazi vitamu: uzi unanyooka juu ya mkate, unapogusa chini unatoa vizizi, na palepale unasimamisha vikonyo vyenye vifuko vya spora, yaani mbegu zake ndogo mno, kileleni. Ukibonyeza kidogo, kifuko kinapasuka na spora zinamwagika. Penicillium, wa kijani-buluu, una umbo la ufagio. Aspergillus ana kichwa cha duara chenye minyororo ya spora kila upande, kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto.

Swali huja kila mwaka: si mtu akate tu palipoharibika, ale pengine? Sijibu kwa mdomo. Nakata kijipande cha mkate mweupe, sentimeta moja nje ya doa, mahali ambapo jicho halioni kasoro, nakiweka kwenye slaidi. Nyuzi zimo. Ile rangi tunayoiita ukungu ni spora tu, ni mavuno. Nyuzi zinazokula mkate hazina rangi, na zilishatangulia.

Katika mkate hasara yake ni ndogo, unautupa. Katika mahindi na karanga ni jambo la uhai. Aspergillus flavus hutengeneza sumukuvu ambayo huwezi kuiona wala kuionja, na moto wa kusonga ugali hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo simalizi kipindi bila kuwafundisha kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kijiko kimoja, funga, tikisa vizuri, uiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi mno kwa ghala, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alikwenda likizo kwao wakati wa mavuno, akarudi na picha kwenye simu. Chupa imeshikwa na mkono wa bibi yake, na ndani kote imetapakaa chembe nyeupe. Magunia sita yalikuwa yameshashonwa. Waliyafungua yote, wakayaanika tena siku tatu.